Kufuli la Baiskeli: Ufunguo Mmoja, Baiskeli Mbili



Somo letu la leo ni juu ya kufuli la baiskeli na ufunguo wake. Huenda mtu akasema, "Kufuli nalo lina somo gani? Unafunga, unafungua, basi." Hata sisi tulidhani hivyo mpaka siku ile ya mnada. Hebu tuwasimulie kwanza.

Kijijini kwetu, huku Usukumani, mnada hufanyika mara mbili kwa mwezi. Watu hutoka vijiji vya mbali, na wengi huja kwa baiskeli. Siku hiyo mwenzetu mmoja, mkulima wa pamba, aliegemeza baiskeli yake kwenye mwembe. Akafunga kufuli la gurudumu la nyuma, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kuangalia bei ya mbuzi. Aliporudi alimkuta mtu asiyemjua amekwisha fungua kufuli, na anafunga gunia la dagaa kwenye keria.

Mwenzetu hakuuliza. Alipiga yowe: "Mwizi! Mwizi wa baiskeli!"

Ninyi mnajua linalotokea mnadani neno hilo likitajwa. Kufumba na kufumbua watu walikuwa wamejaa. Wengine walikuwa na fimbo za kuswagia ng'ombe, wengine waliokota mawe. Na sisi tunaoandika hapa tulikuwamo. Hatutaki kuficha: wawili kati yetu walikwisha inua fimbo.

Yule mgeni alilia, "Jamani, ndugu zangu, baiskeli ni yangu! Ufunguo huu hapa! Nimefungua kwa ufunguo wangu!"

Aliyemwokoa ni fundi baiskeli, mzee ambaye hufanya kazi zake jirani na mwembe huo. Alisimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili. "Ngojeni kwanza," alisema. "Mgeni, lete ufunguo wako. Na wewe mwanangu, lete wako." Akalifunga kufuli. Akatia ufunguo wa mwenzetu, likafunguka. Akalifunga tena, akatia ufunguo wa mgeni, likafunguka vilevile. Watu wakanyamaza.

"Baiskeli yako uliiacha wapi, baba?" fundi alimwuliza mgeni.

"Hapa hapa kwenye mwembe, mzee."

"Upande gani?"

Mgeni hakuweza kujibu. Hofu ilikuwa imemvuruga akili. Kijana mmoja akazunguka shina, maana mwembe ule ni mkubwa sana. Kumbe upande wa pili palikuwa na Phoenix nyingine, nyeusi, na kufuli lake ni la aina ileile! Fundi akajaribu. Funguo zote mbili zikalifungua na hilo.

Sasa ipi ni ya nani? Mwenzetu alisema, "Yangu ni hii." Mgeni aliziangalia zote mbili, hakuwa na hakika. Mara akakumbuka. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni. Ilikuwa risiti ya dukani, na juu yake muuzaji alikuwa ameandika namba ya fremu. Fundi akaipindua ile baiskeli ya pili magurudumu juu, akafuta tope kwa kitambaa pale penye ekseli ya pedeli, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti. Mwenzetu mmoja wa darasa la kisomo alizifuata kwenye risiti kwa kidole. Zikalingana zote.

Basi mgeni alikuwa amekosea upande wa mwembe tu. Tulimwomba radhi. Alikubali, lakini mikono yake iliendelea kutetemeka, na hata maji tuliyompa hakuyanywa. Tangu siku hiyo hatujamwona tena mnadani kwetu.

KWA NINI FUNGUO ZILIFANANA?

Jioni ile tulimfuata fundi nyumbani kwake. Tulimwuliza, "Shikamoo mzee. Inawezekanaje ufunguo wa mtu wa kijiji kingine ufungue kufuli letu?" Alicheka, akatuletea makufuli mawili mabovu aliyokwisha yafungua tumbo.

Kufuli lina kazi moja, kutambua umbo la ufunguo. Katika kufuli zuri ndani mmepangwa vijiti vidogo vya chuma au shaba, na kila kijiti kinasukumwa na springi. Meno ya ufunguo huviinua vijiti hivyo, kila kimoja kwa kimo chake. Vyote vikifika kwenye mstari mmoja, kiini cha kufuli huzunguka na kufuli hufunguka. Kijiti kimoja tu kikizidi au kikipungua, kufuli hukataa.

Akili hii ni ya zamani. Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye vijiti vya namna hiyo. Yule aliyeitia akili hiyo katika chuma kidogo tunachokijua leo ni Mmarekani, Linus Yale Mdogo, na serikali ya nchi yake ilimpa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1861.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua kufuli lenye vijiti 5, na kila kijiti kinaweza kukatwa kwa vimo 6. Funguo zinazoweza kutengenezwa ni 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Ni vigumu ukutane na ufunguo pacha mnadani. Lakini chukua kufuli la bei ya chini, ambalo ndani lina vibati viwili tu, na kila kibati kina vimo 3. Hapo ni 3 × 3, yaani 9. Kiwanda kinaweza kutoa makufuli laki moja ya namna hiyo, lakini funguo zake ni za aina tisa tu. Mnada ukiwa na baiskeli 90 zenye kufuli hilo, kwa wastani watu kumi wana ufunguo mmoja!

Tena kufuli likizeeka, vibati na meno ya ufunguo hulika. Hapo hata ufunguo usiofanana nalo unaweza kulifungua ukitikiswa kidogo. Fundi alitufungulia moja kwa msumari uliopondwa. Tuliona aibu, kwa sababu mmoja wetu alikuwa na kufuli kama lile, na kila usiku alilala akijua baiskeli yake iko salama.

KUNUNUA KUFULI

Ukienda dukani usiulize bei peke yake. Mwombe muuzaji akutolee makufuli matatu au manne ya aina moja. Chukua ufunguo wa la kwanza, ujaribu kwenye la pili na la tatu. Likifunguka, mrudishie, umshukuru, uondoke. Muuzaji mwingine atanuna. Mwache anune.

Tazama pia meno ya ufunguo. Ufunguo wenye meno mawili ya kuchongwa juu juu una kufuli rahisi. Meno mengi yenye vina mbalimbali ni dalili nzuri.

Halafu upinde wa kufuli, ule unaoingia kwenye mnyororo. Chuma kilichokomazwa kwa moto hakiliwi na tupa. Tupa huteleza juu yake. Chuma laini huliwa mara moja, na msumeno utakikata kwa muda mfupi. Muuzaji hatakuruhusu uchubue kufuli lake kwa tupa, hilo tunalijua. Lakini lile lako ulilo nalo nyumbani unaweza kulijaribu mahali padogo.

Yapo pia makufuli ya namba, yasiyo na ufunguo. Lenye magurudumu matatu lina namba kuanzia 000 hadi 999, yaani namba 1,000. Mtu akijaribu namba moja kila sekunde mbili, atazimaliza zote kwa sekunde 2,000, ambazo ni kama dakika 33. Ukiwa ndani ya kilabu au kwenye mkutano wa kijiji, dakika 33 si kitu. Na wengi wetu tuna uvivu, tukifunga tunasogeza gurudumu moja tu. Mwizi anajua hivyo. Atakugeuzia hilo moja, hata jasho halimtoki.

Kuna jambo jingine linalohusu kalamu, chombo chetu sisi wanakisomo. Mwaka 2004 huko Marekani watu waligundua kwamba aina fulani ya makufuli ya baiskeli, tena ya bei ghali, yalifunguka kwa bomba la plastiki la kalamu ya kawaida. Makufuli hayo yalikuwa na tundu la ufunguo la duara. Bomba la kalamu lilisukumwa ndani, likabonyea na kushika umbo la vijiti, kisha likazungushwa. Ikabidi kiwanda kiwabadilishie wateja makufuli. Kwa hiyo ukiona kufuli la bei ya chini lenye tundu la duara, heri uchague lenye ufunguo bapa.

KUFUNGA NI KUFUNGA NA KITU

Kufuli la nyuma, lile la umbo la kwato ya farasi lililokazwa kwenye fremu, huzuia gurudumu lisizunguke. Ni zuri ukiingia dukani kununua kiberiti. Lakini halizuii baiskeli isibebwe. Mtu mwenye nguvu huitia begani. Mwenye gari huipakia, na saa moja baadaye iko wilaya nyingine.

Kwa hiyo ongeza mnyororo na kufuli la pili, uifunge baiskeli na kitu kisichoondoka. Mti mnene unafaa. Nguzo fupi haifai, kwa sababu baiskeli itanyanyuliwa juu na kutolewa pamoja na mnyororo wake. Mche mwembamba nao hukatwa kwa panga. Pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, utarudi ukute gurudumu limebaki kwenye mti kama ng'ombe aliyekatwa kamba. Mengine yote yamekwenda.

Mnyororo usilale chini. Ukigusa ardhi, mwizi hupata mahali pa kuweka jiwe na kupiga nyundo. Uinue, uukaze, kisha uelekeze tundu la ufunguo chini ili mvua na vumbi visiingie. Nyumbani vilevile: baiskeli ilale ndani. Ua wa miti si ukuta.

UFUNGUO WA PILI

Kufuli jipya huja na funguo mbili. Wengi wetu tunazifunga zote kwenye kamba moja. Siku ikipotea kamba, zimepotea zote. Wengine, hasa wanaume, tunatembea nazo zote mbili.

Jirani yetu mmoja alikwenda ziwani kuvua, akaiacha baiskeli imefungwa nyumbani, funguo zote ziko kwenye kaptura yake. Usiku mtoto akashikwa na homa kali. Zahanati iko mbali, na baiskeli ipo pale pale ndani, imefungwa. Mke wake alimbeba mtoto mgongoni akatembea gizani, akafika alfajiri. Mtoto alipona. Lakini mama yule alipotusimulia darasani alisema, "Nilipita karibu na baiskeli yetu wenyewe kama mali ya watu." Hatukuwa na la kumjibu. Ufunguo wa pili ni wa nyumba, siyo wa baba.

Ukitaka kuchongesha ufunguo mwingine, mpelekee fundi ule wa kiwandani, siyo ule uliochongwa. Fundi hubana kipande cha ufunguo kwenye jiliwa, akafuata meno kwa tupa. Kila akinakili hukosea kidogo tu. Ukinakili nakala, kosa linaongezeka juu ya kosa, mpaka ufunguo wa tatu unakataa au unakwama. Simama hapo hapo mpaka amalize, uondoke na zote. Ufunguo unaweza kugandamizwa kwenye kipande cha sabuni ukaacha alama yake, na kwa alama hiyo ukachongwa mwingine usioujua wewe. Kwa hiyo usimwazime kila mtu.

Funguo nyingine zina namba ndogo juu yake. Iandike kwenye daftari nyumbani, maana kwa makufuli mengine namba hiyo humsaidia fundi kutengeneza ufunguo mpya. Ila kile kikaratasi chenye namba ukitoe kwenye kufuli. Kukiacha kinaning'inia ni kumwachia mwizi barua.

Ufunguo ukiwa mgumu kuzunguka, usitumie nguvu, utakatika. Na usimimine mafuta ya kula, hushika vumbi na kuwa gundi. Kwaruza ncha ya penseli, upake unga wake mweusi kwenye meno ya ufunguo, uuingize na kuutoa mara kadhaa. Unga huo hulainisha bila kushika vumbi. Kama umekwisha katika ndani, geuza tundu litazame chini, ugonge kidogo, halafu ujaribu kuuvuta kwa waya mwembamba uliopindwa ncha. Ukishindwa mwite fundi. Fundi mwema atakuuliza kwanza, "Baiskeli hii ni yako kweli?" Usikasirike. Fundi asiyeuliza ndiye wa kuogopa.

NAMBA YA FREMU

Sasa turudi mnadani. Siku ile ufunguo haukuweza kutuambia baiskeli ni ya nani. Rangi haikuweza. Hata mwenyewe kwa macho yake hakuweza. Namba ndiyo iliyosema.

Kwa kawaida baiskeli ya kiwandani huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma. Itafute chini, penye ekseli ya pedeli. Usipoiona hapo, tazama chini ya tandiko, mahali mabomba ya fremu yanapokutana. Futa tope na kutu, uisome mara mbili, uiandike. Wazee wetu wanakumbuka zamani baiskeli ilipokatiwa leseni. Leo daftari la kuiandika ni lako wewe mwenyewe. Andika aina, rangi, namba, tarehe uliyonunua, na alama za pekee: madigadi ya nyuma imechomelewa, pedeli ya kushoto ni ya mbao. Mwenye simu ya kamera apige picha baiskeli na namba yake.

Fundi alitufundisha na siri nyingine. Andika jina lako na kijiji chako kwenye kikaratasi, ukisokote ndani ya nailoni, chomoa tandiko, ukitumbukize ndani ya bomba la fremu, urudishe tandiko. Mwizi akifuta namba kwa tupa na kupaka rangi upya, jina lako bado limo tumboni mwa baiskeli.

Ikiibwa, usipoteze siku. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji na Mtendaji wa Kijiji, nenda polisi na namba yako, uchukue RB. Kisha waone mafundi baiskeli wa vijiji jirani, kwa sababu baiskeli nyingi za wizi hufumuliwa na kuuzwa rimu kwake, uma kwake. Na mwizi akikamatwa, apelekwe akiwa mzima. Sisi tuliona kwa macho yetu ilivyobaki kidogo tumwue mtu aliyefungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe.

Anayenunua baiskeli iliyotumika naye ajihadhari. Kanuni ya Adhabu inasema ni kosa kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ndogo kupita kiasi, muuzaji anayekuja usiku, namba iliyokwanguliwa: ukiyaona hayo huwezi kusema hukujua. Nunueni mchana, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na muandike hati. Siyo lazima iwe ndefu. Nakilini hii:

"Mimi ............ wa kijiji cha ............ nimemwuzia ndugu ............ wa kijiji cha ............ baiskeli moja aina ya ............, rangi ............, namba ya fremu ............, kwa shilingi ............ Fedha zote nimepokea. Tarehe ............ Sahihi ya mwuzaji ............ Sahihi ya mnunuzi ............ Shahidi ............"

Andikeni mbili, kila mtu abaki na yake. Ihifadhi kwenye nailoni, kama alivyofanya yule mgeni.

KAZI YA DARASANI

1. Siku ya kipindi kijacho, kila mwenye baiskeli aje nayo pamoja na ufunguo. Jaribuni kila ufunguo kwenye kila kufuli. Andikeni ubaoni: ni makufuli mangapi yamefunguliwa na funguo za watu wengine?

2. Kufuli la namba lenye magurudumu manne lina namba ngapi? Mtu akijaribu namba moja kila sekunde mbili, atazimaliza zote kwa muda gani?

3. Someni kwa sauti namba za fremu, mmoja asome na mwingine aandike. Kisha badilishaneni, mlinganishe.